Gari langu lilipokosa boost ndipo nilipojua dizeli ya baba ilikokwenda

Heshima kwenu wakuu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Wazee wenzangu, poleni na magoti.

Humu jukwaa la magari huwa napita kimya kimya, nasoma mnavyogombana kuhusu oil, nacheka, natoka. Leo naandika mwenyewe kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na sina pa kulitua.

Nitakayosema yametokea. Pale nisipokuwa na uhakika nitawaambia sina uhakika.

Kabla hamjaanza: ndiyo, mimi ni mama mtu mzima, nimestaafu ualimu, nakaa Kipawa. Na ndiyo, gari langu lina turbo na gia za mkono. Atakayeumia anywe maji.

Uzi unahusu gari kukosa nguvu, lakini siwezi kuanza na gari langu. Lazima nianze na lori la baba.

Miaka ya sabini, ile ya mwishoni, tulipanga vyumba viwili Temeke: baba, mama, mimi na mdogo wangu. Baba alikuwa dereva kwenye kampuni moja ya umma ya usafirishaji, yadi yao Chang'ombe. Jina siandiki. Kampuni yenyewe ilishakufa, na wengi waliokuwemo nao wamekufa.

Baba alikuwa Mngoni wa Songea. Kazini walimwita Ndugu Komba. Enzi hizo kila mtu alikuwa ndugu, hata aliyekuja kukufukuza kazi alianza na ndugu.

Safari zake zilikuwa Dar kwenda Mbeya na mbolea, kurudi na mahindi. Akifika nyumbani ananuka dizeli, na mama alikuwa anamkataza kukaa kitandani mpaka aoge. Alimkataza huku anacheka. Nataka mjue hilo, kwamba walikuwa wanacheka.

Kampuni ilikuwa imeleta malori ya Ulaya yenye turbo. Kwa wakati ule turbo ilikuwa kitu kigeni, madereva wengine waliikwepa. Baba aliipenda. Alisema ukiikanyagia inapiga mluzi kama mtu aliyefurahi.

Kwa wale wageni wa mambo haya, nieleze kidogo, maana bila hapa hamtanielewa mbele.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ikizunguka inasukuma hewa kwa nguvu irudi ndani ya injini. Ule msukumo ndio boost. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua yote na gari linakuwa na nguvu. Hewa ikipotelea njiani, dizeli inaingia ile ile lakini haiungui vizuri. Unapata moshi mweusi, gari linakuwa zito, unakaa gia za chini muda mrefu, na tanki linakauka.

Hewa hiyo inapita kwenye mpira mnene unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Basi, huo mpira mkae nao kichwani.

Mpira wa lori la baba ulipasuka.

Wa zamani mnakumbuka hali ilivyokuwa. Nchi haina fedha za kigeni, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, sembuse mpira wa turbo. Malori yalikaa yadi yamewekwa juu ya mawe, kila moja limenyofolewa kitu cha kuponyea jingine.

Baba hakutaka lori lake liwekwe juu ya mawe. Alichukua tyubu ya baiskeli, akaichana vipande virefu vyembamba, akapaka solosheni ya pancha, akauzungushia ule mpira tabaka juu ya tabaka kama mtu anayefunga bandeji. Akamalizia na waya. Lori likawaka, likapiga mluzi, likaondoka na mbolea.

Meneja aliposikia, akaileta habari kwenye mkutano wa wafanyakazi. Baba akasimamishwa mbele, watu wakapiga makofi. Ikasemwa huko ndiko kujitegemea kwenyewe, kwamba Ndugu Komba ameliokolea taifa fedha za kigeni kwa tyubu ya baiskeli. Akapewa zawadi ya mche wa sabuni.

Mche mzima, wakuu. Mama aliukata vipande, akawagawia majirani wa nyumba nzima, na kila kipande kilikwenda na stori yake. Mume wake alikuwa amepigiwa makofi.

Haukupita muda mrefu, lori likaanza kunywa mafuta.

Madereva walipewa dizeli ya safari, kipimo kile kile kwa malori ya aina moja. Wenzake walirudi na baki. Baba alikuwa anaishiwa kabla hajafika, anaomba nyongeza Iringa. Mara ya kwanza wakampa. Mara ya pili wakamtazama. Baada ya hapo kila akiomba, kuna mtu anaandika.

Mimi lile lori nililipanda safari moja. Nilikuwa sekondari, likizo, nakwenda kwa shangazi Iringa. Haikuruhusiwa kubeba familia lakini nani alikuwa habebi.

Mpaka Morogoro raha tupu. Barabara tambarare, mluzi unaimba, mimi nimekaa kati ya baba na utingo wake, Saidi. Saidi alikuwa mtu mzima makamo ya baba, Mmatumbi mmoja mcheshi kupita kiasi. Walikuwa wanakula sahani moja, wanalala chini ya lori moja.

Tulipofika Kitonga, mambo yakabadilika.

Mliopita pale mnaujua ule mlima. Lori lilikuwa na mzigo kamili. Baba akashusha gia, akashusha tena, tukawa tunatambaa. Saidi akashuka, akatembea pembeni na gogo mkononi, tayari kuzuia tairi kama likirudi nyuma. Malori mengine yenye mzigo kama wetu yakatupita, madereva wanapiga honi za utani.

Na ule mluzi haukuwepo tena. Badala yake kulikuwa na sauti ya kitu kinachovuja, tssss, ndefu. Baba akikanyaga inaongezeka. Akiachia inakata. Nyuma yetu moshi mweusi mpaka huoni barabara.

Nikamwambia, “Baba, kuna kitu kinapumua.”

“Ni mlima huo, mwanangu,” baba akasema. “Hata wewe ukiupanda utahema.”

Tukacheka wote wawili. Kile kicheko sasa hivi kinanichoma kuliko kitu chochote katika stori hii.

Haikuchukua muda, baba akaitwa na kamati ya kazini. Kulikuwa na fununu kwamba madereva wanafyonza dizeli njiani na kuiuza. Wapo waliofanya hivyo, siwezi kuwatetea. Baba akasema lori lina tatizo. Wakasema sawa, tutalipima, hatuonei mtu.

Na walilipima kweli. Hapa ndipo mafundi mnisikilize.

Kwanza walifungua boneti lori likiwa limesimama yadi, injini inanguruma taratibu. Wakasikiliza, wakashika huku na huku. Safi. Lori likisimama turbo haisukumi chochote, kwa hiyo hakuna kitakachovuja.

Halafu fundi mkuu na wajumbe wa kamati wakapanda, wakalipeleka mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Tambarare. Tena tupu, hata kiroba kimoja cha mbolea hakimo. Lori likakimbia vizuri, mluzi unasikika.

Kile kiraka hakuna aliyekigusa. Waliitazama injini nzima wakakiruka. Angekishuku nani? Kilishapigiwa makofi na yadi nzima. Na baba mwenyewe angeanzia wapi kukishuku kitu kilichomletea mche wa sabuni nyumbani?

Wakamwita. Alitusimulia mwenyewe, neno kwa neno, kwa miaka.

“Ndugu Komba, lori ni zima. Mafuta yanakwenda wapi?”

“Sijui, Ndugu Meneja.”

Wakuu, enzi zile neno hujuma lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kujibu sijui ilikuwa sawa na kukiri. Hawakumpeleka polisi kwa sababu ya rekodi yake nzuri. Walimwachisha kazi, na wakamwambia ashukuru.

Kilichokuja kummaliza kabisa ni hiki. Spea zilikuwa zimeingia bandarini, mzigo uliosubiriwa muda mrefu. Alipokwenda yadi kuchukua vitu vyake alikuta malori yote yanafanyiwa matengenezo: mipira mipya, machujio mapya, kila kitu. Lake likakabidhiwa dereva mwingine. Likaenda Mbeya na kurudi, na dizeli ikabaki.

Habari hiyo ilifika Temeke kabla ya chakula cha mchana. Baba alikaa kwenye kigoda uani, akatazama miguu yake.

Ule mpira wa zamani wenye kiraka alikuwa ameuokota kwenye lundo la vyuma chakavu, akaja nao nyumbani. Alisema angalau ile ni kazi yake, hakuna wa kumnyang'anya.

Sasa mama.

Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa kelele. Hakulia. Siku ile alimuuliza baba akiwa anafua, hata hakuinua uso. Na siku zote alimwita Baba Kristina. Siku ile alimwita kwa jina.

“Kama uliuza, hela ziko wapi?”

“Sijauza.”

“Mafuta yamepungua, hayajapungua?”

“Yamepungua.”

“Lori bovu?”

“Wamelijaribu. Wanasema zima.”

“Basi hela zipo. Hapa hazijafika. Mie nafua kwa majani ya mpapai, Komba. Ziko wapi?”

“Ningekuwa nimeuza, si ungekuwa unakula ubwabwa kila siku?”

“Ndiyo maana nauliza.”

Baba jibu angelitoa wapi? Alikuwa anadaiwa aoneshe fedha ambazo hazijawahi kuwepo duniani.

Mama akajitafutia jibu mwenyewe. Zamani kidogo baba aliwahi kurudi na gunia la viazi kutoka Makambako. Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge badala ya kamba, kitenge kizuri cha maua ya njano. Tulikula viazi vikaisha, hakuna aliyesema neno. Sasa mama akakikumbuka kile kitenge.

“Mwanaume hafungi gunia kwa kitenge,” alisema.

Baba akaeleza kwamba alinunua barabarani, kwa mama mmoja muuza viazi, na ndivyo gunia lilivyokuwa. Kila alipoeleza ndivyo yule mwanamke alivyozidi kunenepa kichwani kwa mama. Akapata nyumba ya bati. Akapata watoto. Ikifika Krismasi mama alikuwa anajua kabisa yule wa Makambako anapika nini.

Hawakuachana rasmi, sie wa kanisani hatuna utaratibu huo. Baba alihamia Ubungo kwenye chumba kimoja. Mama akatuchukua tukaenda Buguruni kwa mjomba, akaanza kupika maandazi na kuuza pale sokoni. Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Ilikuwa kama maji yamekauka tu kwenye ndoo.

Baba hakupata tena kazi ya udereva. Kila alipoomba waliuliza Chang'ombe kwanza. Akaishia kuziba pancha za baiskeli pale Ubungo kando ya barabara, tyubu na solosheni, mpaka uzee.

Nilikuwa nakwenda kumsalimia. Ule mpira aliutundika kwenye msumari ukutani. Ulikuwa unachafua ukuta, doa jeusi la mafuta mafuta, mama mwenye nyumba akawa anagomba kila anapopaka chokaa. Baba anaufuta kwa kitambaa, anaurudisha msumarini.

Na kuna jingine. Kwa kuwa alijua yeye hakuiba, baba alifikia mahali akaamua aliyeiba ni Saidi, usiku wakiwa wamelala. Nani mwingine alikuwepo? Saidi alikuja Ubungo kumtembelea, baba akamwacha amesimama mlangoni. Akaja tena, ikawa hivyo hivyo, hakurudi tena. Rafiki wa sahani moja.

Baba alifariki miaka ya tisini. Tulimzika makaburi ya Kinondoni. Mama hakuja. Siku ile alikaanga maandazi kama siku zote, akauza yote. Mimi nilisafisha chumba cha Ubungo na mdogo wangu, na ule mpira niliutupa kwa mkono wangu.

Haya. Mliokuja kwa ajili ya boost, tumefika.

Miezi ya karibuni gari langu likaanza kuwa zito. Mjini freshi tu. Nikipanda kilima au nikitaka kuovateki, nakanyaga, halitoki. Nina saa ya boost kwenye dashibodi, mshale ukawa unafika nusu ya pale ulipozoea. Na mafuta linakunywa.

Fundi wangu ni Shabani, kijana wa hapa hapa Kipawa. Mchapakazi, anajua, lakini mwepesi wa kuhukumu. Akachomeka mashine, mashine ikasema boost ndogo. Akawasha injini gari limesimama, akainama, akasikiliza.

“Kimya, mama. Hakuna panapovuja. Hii turbo yenyewe imekufa, tutafute nyingine.”

Sikuridhika. Turbo iliyokufa inakwambia: inapiga kelele za chuma, inatoa moshi wa bluu, inatapika oil. Yangu haikuwa na hayo yote. Nikamwambia tukalijaribu.

“Si nimelijaribu jana? Nimezunguka nalo mpaka airport.”

“Tupu?”

“Sasa mama, nilibebeshe nini?”

Naapa wakuu, wakati huo sikuwa namfikiria baba kabisa. Nilikuwa nabishana tu, ndiyo tabia yangu. Jirani anajenga, tukaazima mifuko ya saruji, tukajaza nyuma mpaka gari likachuchumaa. Tukatoka mpaka Ubungo, tukashika Morogoro Road kupanda Kimara.

Gia ya tatu, nikakanyaga.

Tssss.

Nikaachia mguu, ikakata. Nikakanyaga, ikarudi.

Niliegesha pembeni. Shabani ananiuliza kulikoni mama. Niliijua ile sauti. Mara ya mwisho niliisikia Kitonga, na baba akaniambia ni mlima.

Tulirudi gereji. Shabani akaziba njia ya hewa mwanzoni, akaingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo, akamwagia povu la sabuni kwenye mipira yote. Kwenye mpira mkubwa unaotoka kwenye turbo, chini, karibu na klipu inayoubana, povu likaanza kuchemka. Kulikuwa na mpasuko. Ukiwa umetulia hauuoni hata kwa tochi. Ukiujaza upepo unafunguka kama mdomo.

Shabani akapitisha kidole, kikatoka cheusi. “Unaona, mama? Hewa ya turbo inatembea na ukungu wa oil. Ukikuta oil nje ya mpira, jua hapo ndipo inapotokea.”

Nikaliona lile doa la Ubungo ukutani. Nikakaa kwenye tairi lililokuwa hapo chini nikalia kama mtoto. Shabani masikini alidhani nalilia gari, akawa ananiambia mpira si ghali.

Nimeahidi ukweli, kwa hiyo niseme: uthibitisho sina. Mpira wa baba niliutupa mwenyewe. Siku lori lilipotengenezwa walibadilisha na vitu vingine pia, na kuna fundi humu atakuja kusema huenda ni chujio au nozeli. Labda. Lakini mimi nilikuwepo Kitonga, na lile doa la ukutani nililiona. Kiraka cha tyubu kilikuwa kinakaa kimya kwenye tambarare. Lori likipakiwa mzigo na kupanda mlima, turbo ikisukuma kweli kweli, kinavimba na kuachia.

Ile dizeli haikuuzwa. Iliungua. Ilitoka kama moshi mweusi nyuma ya lori mchana kweupe, na mimi niliitazama kwa macho yangu.

Baba alikufa hajui. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kufukuzwa kwake. Alimning'iniza mwizi wake ukutani, anamfuta vumbi, akamfungia mlango rafiki yake.

Mama yupo. Anakaa na mimi hapa Kipawa. Macho yamepungua lakini kichwa kizima, masikio mazima. Nilikaa na jambo hili wiki nzima, najiuliza nimwambie au nimwache amalizie siku zake kwa amani. Mdogo wangu aliniambia niache. Nikaona hapana. Baba hana mtu mwingine wa kusafishiwa jina mbele yake.

Jumapili baada ya misa nikamwekea chai uani, nikamkabidhi ule mpira mbovu wa gari langu. Nikamweleza taratibu kama ninavyowaeleza nyie. Alikuwa anaupapasa. Nikamwonesha mpasuko, akaingiza kidole chake.

“Hiki ndicho kilikuwa kinakula mafuta?”

“Kama hiki, mama. Cha baba kilikuwa chini ya kile kiraka.”

“Kile cha mche wa sabuni?”

“Hicho hicho.”

Aliendelea kuupapasa mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, “Na yule wa Makambako?”

“Hakuwepo, mama.”

“Hakuwepo kabisa?”

“Alikuwa muuza viazi.”

Akaurudisha ule mpira mapajani mwangu, akajifuta vidole kwenye khanga.

“Miaka yote hii nilikuwa namchukia nani, Kristina?”

Nilimshika mkono tu. Baadaye, nishaanza kutoa vikombe, akaniita. Tangu baba afariki mama hajawahi kuniuliza chochote kuhusu msiba ule, hata nani alikuja.

“Mlimzika wapi baba yenu?”

Wakuu, naishia hapa, vidole vimechoka.

Kwa wenye magari ya turbo: boost ikipungua usikimbilie kununua turbo. Anza na mipira na klipu. Pitisha kidole chini kule kusikoonekana, tafuta oil. Na gari usilijaribu tupu wala limesimama ukasema ni zima. Libebeshe, lipandishe mlima, zima redio, sikiliza. Mafundi mnaojua njia nyingine ya kukamata uvujaji wa namna hii, wekeni hapa, msaidie mwingine.

Kwa wenye wazazi waliofukuzwa kazi zamani kwa mambo yasiyoeleweka, wapo wengi najua, andikeni na nyie. Nitasoma yote.

Na kama kuna mtu anamfahamu Saidi, Mmatumbi, alikuwa utingo kwenye malori ya Chang'ombe miaka ile, aliye hai au watoto wake, naomba anifuate inbox. Nina salamu za baba ambazo baba hakuzituma.

Jumamosi nampeleka mama Kinondoni. Mpira mpya nimeshafunga, gari linatoka vizuri. Ameniambia nisisahau kubeba kiti, kwa sababu miguu yake haiwezi kusimama muda mrefu na ana mengi ya kumwambia Baba Kristina.